Mistari Miwili Uliyotuchorea

Raskazone, Tanga
Mfungo Nne, baada ya alasiri

Mwanajuma,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nimekuona leo asubuhi uani unafunga kamba kwenye mkeka, na macho yako yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Yangu unaijua pia: nimechoka. Basi hilo tumelimaliza.

Utashangaa mtu anayelala nyumba moja na wewe kukuandikia barua. Shangaa tu, hata mimi najishangaa. Nimekaa hapa bandani kwenye benchi la kupimia. Kalunguyeye wote wamelala, Daktari kaenda posta, na karatasi hii ni yake, nimeichukua bila ruhusa. Nyumbani Makorora haiandikiki barua. Mama yako na shangazi zako wamejaa uani wanakukaangia vitu vya safari utadhani Kampala hakuna chakula, na kila anayenipita ananitazama kwa jicho lile lile: hujasema naye bado? Sijasema. Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, sijakwambia neno, na kesho unapanda gari moshi. Mdomo wangu umekataa, nimeona nijaribu mkono.

Mambo ya nguo za baridi, ya kuswali, ya kutokula ovyo njiani, mama yako amekwambia, na shangazi zako wamerudia mpaka hata kaka yako Hatibu ameelewa, naye hasikii. Sina la kuongeza huko. Nataka nikueleze kwa nini nilichana ule mchoro wako, na jambo nililolifanya jana. Lakini nitaanza mbali, maana nikianza karibu nitakasirika tena.

Kabla hujazaliwa nilikuwa Pongwe, kwenye mkonge. Watu wananikumbuka kwa kazi hii ya kivulini, wamesahau kwamba mgongo huu uliharibikia kule. Kabla ya kukatwa mkonge unapandwa, na kabla ya kupandwa pori linafyekwa, na mimi nilikuwa katika wafyekaji. Tukifyeka kilitoka kila kitu: panya, nyoka, kenge, na kalunguyeye. Hao hata hawakimbii, wanajikunja tu wakawa kama mpira wa miba wakidhani wamejificha. Tuliwasukuma kando kwa mpini wa jembe tukaendelea. Walikuwa wengi, Mwana. Walikuwa wengi mpaka hakuna aliyewafikiria.

Ndipo akaja huyu Daktari, ambaye si daktari wa watu, akawa anauliza kambini nani anajua kalunguyeye wanakaa wapi. Wenzangu walicheka wakagaragara. Mzungu mzima anatafuta kalunguyeye! Mimi nikanyosha mkono, si kwa akili, ni kwa uchovu. Nikaletwa huku Raskazone, nikapewa banda, na Makorora wakatupa majina: yeye Bwana Kalunguyeye, mimi Athumani Miba. Wewe ukaja kuwa Binti Miba. Ulirudi kutoka chuo cha Kurani unalia kwa jina hilo, mpaka siku ulipompiga mtoto wa watu kwa ubao wa kuandikia, na wazazi wake wakaja barazani kwangu. Niliomba radhi kwa mdomo. Moyoni nilifurahi, leo nakwambia.

Kazi Daktari alinieleza kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika, na nilikielewa vizuri kuliko anavyodhani. Alisema mkonge umelikata pori vipande vipande. Kalunguyeye wa kipande cha Pongwe hawezi tena kufika kwa wa kando ya mto Sigi, kwa sababu katikati pamelimwa peupe, hapana mdudu wa kula wala pa kujificha, na mbwa wa kambi wapo. Basi wanaoana wao kwa wao, kipande kwa kipande. Kwamba wanapungua, alisema, hilo kila mtu anaona, mtu anahesabu tu. Yeye anataka kujua kama wanapungua pia namna zao. Yaani zamani walikuwa na nyuso nyeupe na nyeusi, miba mirefu na mifupi, damu ya namna hii na ya namna ile. Je, wakibaki wachache wanabaki na namna zote hizo au wanageuka kuwa mtu mmoja aliyerudiwa? Hilo halionekani kwa macho, linatafutwa.

Nilimwona kichaa. Nilikaa naye kwa sababu hakunikaripia, na kwa sababu chai yake ilikuwa na maziwa.

Unaikumbuka kazi yenyewe, ulikulia humu. Wa Pongwe tuliwatia rangi nyekundu kwenye miba, wa Sigi njano, wa vilimani Muheza buluu. Tone la damu, urefu wa miba, rangi ya uso, vidole. Vizimba vya safu ya kwanza niliweka wageni kwa wageni, mwekundu na wa njano, wa njano na wa buluu. Safu ya pili tuliweka ndugu kwa ndugu, kwa makusudi, tuone. Mimi ndiye niliyekuwa nachagua nani aingie kwa nani, na mama yako akikutana na watu sokoni alikuwa akisema, "Mume wangu ni mshenga siku hizi, ila hapokei kilemba." Nikizipita baraza za Makorora waliniuliza, "Mzee Miba, leo umefunga harusi ngapi?"

Ulikuwa mdogo, kichwa chako hakijafika juu ya benchi hili, siku nilipotaka kukufurahisha. Jike mmoja wa buluu alikuwa amezaa. Daktari alikwisha nionya nisimfunue, mimi nikaona ananifundisha nini huyu, nimeishi na wanyama hawa. Nikanyanyua majani ya kiota nikakwambia tazama, miba yao bado laini, kama ya kuchora. Ulitazama ukashika pumzi. Kesho yake tulikuta kiota kitupu na mama yao anajilamba. Amewala wote. Ulilia mpaka ukatapika, ukaniuliza, "Baba, alikuwa na njaa?" Nikasema ndiyo, alikuwa na njaa. Hakuwa na njaa. Aliogopa, maana nilimfunulia watoto wake kabla hawajawa tayari kutazamwa. Nimekuwa nikilifikiria hilo miezi hii yote, na utaona kwa nini.

Kisha mwaka ule wa mvua nyingi kikaja kikohozi bandani. Ulikuwa umekwisha anza shule, ukitoka darasani unapitia hapa na mkoba wako. Walianza wekundu wa safu ya pili, wale wa ndugu kwa ndugu ambao wewe ndiye uliyesema, "Hawa wamefanana kama wametoka kalibu moja." Asubuhi alikufa mmoja, jioni wengine. Wa njano walikufa baadhi, baadhi wakapiga chafya wakaendelea kutafuna mende wao kama hapana kitu. Wekundu walikwisha wote. Uliniuliza mbona ugonjwa haukuchagua. Daktari ndiye aliyekujibu: walikuwa wamefanana mno, ugonjwa ulioweza kumshinda mmoja uliwaweza wote.

Niliwachimbia shimo nyuma ya banda, wewe ukashika taa. Siku ya pili nikapanda basi kwenda Pongwe kutafuta wekundu wengine, maana nilijua kipande chao jinsi ninavyoujua ua wangu. Nilifika nikatafuta kipande sikukiona. Mkonge tu, mistari imenyooka mpaka barabarani. Nikamuuliza mnyapara, akasema, "Pale? Pale tulifyeka tangu kiangazi." Nikakaa kwenye ukingo wa shamba nikavua kofia. Mikono hii ndiyo iliyofyeka nusu ya kwanza, ikaja kutafuta kwenye nusu ya pili. Sikulia, ila nilichoka, na sijui kama uchovu ule umewahi kunitoka.

Wa Pongwe waliobaki duniani, kwa ninavyojua mimi, ni wale watoto wa dume mwekundu na jike wa njano, wa safu ya kwanza. Wale machotara. Ndio wajukuu zao hawa wamelala hapa mbele yangu sasa hivi, mmoja anakoroma.

Haya. Nimefika karibu.

Daktari alitufundisha sote wawili kuchora ukoo wao. Dume mraba, jike duara. Waliopandana unawaunganisha kwa mstari mmoja. Wakiwa ndugu, unachora mistari miwili. Mwenye kilema unamjaza wino mweusi. Wewe uliushika mchoro ule upesi kuliko mimi. Mimi mpaka leo mraba wangu huegemea upande.

Siku ya pili ya Idi tulikuwa barazani, tumekula, tumeshiba. Wewe umetoka Tabora umemaliza shule, na barua ya kukukubali chuo cha Kampala imekwisha wasili. Ulikuwa unamwonyesha kaka yako Hatibu utakwenda kusoma nini, na kwa kuwa mikono haikutosha ukachukua karatasi. Nilikuwa nimefumba macho lakini nilikuwa natazama. Uliweka babu yako na ndugu yake. Ukashuka. Ukaweka mraba, huyo mimi, ukaweka duara, huyo mama yako, ambaye ni binti ami yangu, kila mtu Tanga anajua. Na kati yetu ukachora mistari miwili.

Hukusita, Mwana. Mkono wako ulikwenda tu, kama unavyokwenda hapa bandani.

Kisha ukashuka tena, ukaweka ndugu zako wawili waliokufa wachanga, ukajiweka wewe, ukamweka Hatibu, ukamjaza weusi. Naye si mjinga, kaka yako. Akagusa ule mraba mweusi akajigusa kifuani. Ukatikisa kichwa kukubali. Akauliza kwa mikono, kwa nini mweusi? Nawe ukagusa sikio lako. Akafikiri kidogo, akakunyang'anya penseli, akaujaza na mraba wangu. Aliukandamiza mpaka penseli ikavunjika. Halafu akajivuta sikio, akaninyoshea kidole, akafungua kinywa kama mimi ninapogomba. Yaani na baba naye hasikii.

Mama yako alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Ukacheka na wewe. Mimi nikainuka nikaichana karatasi vipande, na tangu siku ile ndiyo haya.

Mmedhani nilikasirishwa na utani wa Hatibu. Utani ule niliustahili, na peke yangu usiku nilicheka. Nilichana kwa sababu ya mistari miwili. Wewe na mimi tunajua humu bandani maana yake nini. Ni safu ya pili. Ni wale tunaowaweka pamoja tukiwa tumekwisha tazamia mabaya. Nilikaa pale na shati langu la Idi nikaona binti yangu ameniweka kizimbani na mama yake, na kaka yake ndiye jibu.

Mama yako aliniambia usiku ule ule, "Mtoto kachora kweli, wewe unaikasirikia penseli?" Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza, unamjua. Akasema, "Mimi ndiye niliyechorwa duara, na sikuchana kitu."

Nikamwendea Daktari. Nilimuuliza kama naulizia mtu mwingine, rafiki wa Muheza, ana mtoto hasikii, kaoa binti ami. Daktari alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Athumani, kwa kalunguyeye naweza kukwambia. Kwa nyumba moja ya watu siwezi. Huenda ndiyo, huenda sivyo. Wako wengi wameoana hivyo na watoto wao wazima." Nilitaka neno moja, ananipa huenda. Nilitoka nimemkasirikia na yeye. Sasa nadhani alikuwa ananistahi, na alikuwa anasema kweli, na vyote viwili vilinichosha.

Sasa sikiliza yale ambayo karatasi yako haikuwa na nafasi yake. Mama yako sikulazimishwa kumwoa. Watu husema walituozesha wazee, damu isitoke nje. Kweli walitaka hivyo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha mtaka tangu alipokuwa anakuja kwetu kuchukua moto wa jiko na anakaa muda mrefu kuliko moto unavyohitaji. Tulizika wawili. Watu wakasema jicho, nikazunguka kwa waganga mpaka viatu vikaisha, na jirani mmoja nikamkatia salamu kwa ujinga huo, akafa hatujapatana. Hatibu alipozaliwa, kwa muda tulidhani ni mtulivu tu. Mama yako ndiye aliyejua. Alidondosha sinia nyuma yake, na mtoto hakugeuka. Mama hakulia, aliokota sinia, akakaa chini mbele yake, akaanza kumwonyesha kwa vidole: maji, mama, njoo. Lugha yote ile tunayosema naye nyumbani ilianzia sakafuni pale. Fumba la mkono na vidole vimechomoza ni kalunguyeye. Ukiliweka kifuani ni wewe. Hatibu alikupa jina hilo yeye mwenyewe, kabla hujatembea.

Ningerudishwa nyuma leo ningemwoa mama yako tena. Na ningemtaka Hatibu huyu huyu, na penseli yake. Lakini ukiniuliza kama ningependa upite njia hiyo hiyo, ulimi unanikwama. Haya mawili nimejaribu kuyapatanisha tangu Mfungo Mosi, na hayapatani, nimeyaacha yakae pamoja.

Kwa hiyo sikulaumu kwa ulichokichora, maana ni kweli. Nakulaumu kidogo tu kwamba ulikifunua upesi. Kule unakokwenda watakufundisha kuchora vizuri zaidi, na iko siku hutachora kalunguyeye peke yao. Ukifika kwa watu, kaa nao kwanza. Kunywa chai yao. Muulize mwenye kujazwa wino anajionaje, maana Hatibu alikuwa na jibu lake, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza. Lakini usiache kuchora. Ukiacha kwa sababu yangu, nitakuwa nimefyeka mara ya pili.

Limebaki la jana.

Unajua kaka yangu Mbaruku, baba yako mkubwa, amekuposea mwanawe Sudi. Hakuna aliyekwambia rasmi, lakini nyumba yetu kuta zake nyembamba. Alikuja siku chache baada ya Idi. Alitaka nikaha ifungwe kabla hujapanda gari, usome ukiwa mke wa mtu. Nikasema tutaona. Akaja tena, nikasema tutaona. Hapo ndipo kimya changu kilipopata sababu ya pili, na hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Kusema na wewe ingebidi nikuulize. Nikikuuliza utanijibu. Nawe ukinijibu, itabidi nimwendee kaka yangu, ambaye tangu baba yetu afariki ndiye aliyenilea, ndiye aliyenitolea mahari, na hakuna Idi hata moja ambayo sikula sinia moja naye. Nikaona bora ninune. Kununa ni rahisi kwa mzee, watu wanakuachia.

Juzi mama yako akaniwekea chakula akasimama mlangoni. "Mtoto hamtaki Sudi," akasema. "Si kwa kuwa mbaya. Hamtaki. Amelia kwangu mara nyingi, kwako anaogopa. Utamwacha apande gari hivyo, na ndugu yako anamfunga nyuma yake?" Chakula kile sikukila.

Jana baada ya adhuhuri nikaenda kwa Mbaruku. Nilimkuta barazani peke yake anapepewa na upepo, akanikaribisha vizuri, akaagiza kahawa. Nikamwambia, "Kaka, lile la Mwanajuma, halipo."

"Halipo vipi?"

"Hamtaki Sudi."

Akanitazama kama nimesema Kigiriki. "Hamtaki? Ndiyo sababu hiyo? Tangu lini?" Halafu akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Najua lilikotoka. Yale madude yako ya miba. Nimesikia habari za karatasi. Binti anatufundisha kuoa kwa kutazama kalunguyeye! Athumani, binadamu na kalunguyeye ni sawa?"

Nikasema, "Si sawa. Kalunguyeye namtia kizimbani na nimtakaye, hana mdomo wa kukataa. Huyu anao."

"Na damu yetu itoke nje hivi hivi?"

Hapo, Mwana, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na wekundu wa Pongwe mdomoni, na shimo nililolichimba nyuma ya banda, na machotara wanaokoroma. Nilitaka kumwambia kaka yangu kwamba damu ya Pongwe iliyobaki ni ile tu iliyotoka nje. Sikusema. Nilimwona amezeeka, na nikajua hata nikimshinda kwa maneno sitakuwa nimepata kitu. Nikarudia tu, "Hamtaki, kaka. Ya kalunguyeye weka kando. Hamtaki, na mimi ndimi baba yake."

Akaweka kikombe chini. Akasema wewe uende, ila radhi zake usizitafute. Na mimi akaniambia, "Idi ijayo kula kwako."

Nilirudi kwa miguu. Mabasi yalinipita nikayaacha. Niseme ukweli, nililia njiani, mtu mzima na mvi zangu, mpaka muuza machungwa wa barabarani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa, nina binti anasafiri.

Sikuandikii haya ili ukae kwenye gari ukijihesabia deni. Sitaki ukipita Muheza uwe unamfikiria baba yako mkubwa. Ni ndugu yangu, ni juu yangu, nitamrudia na nitamrudia tena mpaka anichoke, na ninamjua, hapendi kula peke yake. Nimekuandikia ili ujue kwamba hakuna aliyekufunga nyuma yako. Utakayempata huko, au usipompata, huyo ni wako wewe kusema ndiyo au la. Ukitaka kuolewa na vitabu mwaka mmoja, miwili, olewa navyo. Na ukirudi, vizimba vitakuwepo kama uhai wangu upo. Na kama hakuna kalunguyeye hata mmoja aliyebaki porini, kuna hawa, na wewe ndiye utakayejua tuwaoanisheje. Mimi nimestaafu ushenga.

Radhi zangu unazo. Zote, za kusoma, za kusafiri, za kukataa. Za baba yako mkubwa zikikosekana, tumia zangu mara mbili.

Barua hii nitampa Hatibu aitie kwenye sanduku lako juu ya nguo, uione leo kabla ya kulala. Usije kunijibu. Nikikuona umeishika mkononi nitageuka tena kuwa jiwe, najijua. Ila kesho alfajiri, kabla ya kwenda stesheni, pita barazani kama ulivyopita kila siku. Maana miezi hii yote hukuacha hata asubuhi moja. Ulisimama mbele yangu ukaniamkia, "Shikamoo, baba," nami nikatazama barabarani, ukangoja kidogo, ukaenda zako. Kesho yake ukaja tena. Ningekuwa mimi ningeacha.

Nilizisikia zote, mwanangu.

Marahaba.

Baba yako,
Athumani